Majongoo wa aina mbalimbali katika tangi moja: Hatari iko chini ya udongo

MVUA za masika zinapoanza kunyesha katika Kata ya Kiriba, Musoma Vijijini, majongoo hutoka ardhini na kutambaa kwenye mashamba na kandokando ya njia. Watoto huwagusa kwa kijiti ili wawaone wakijikunja. Watu wazima huwaruka na kuendelea na safari zao. Ni wachache wanaojua kwamba ndugu wa viumbe hao kutoka pwani ya Afrika Mashariki wamefugwa majumbani kwa miaka mingi huko Ulaya na Marekani, na kwamba huuzwa kwa fedha kama kasuku au samaki wa mapambo.

Anayefahamika zaidi ni jongoo mkubwa mweusi ambaye wataalamu humwita Archispirostreptus gigas. Huweza kuzidi urefu wa sentimita 30, na huishi katika nyanda za chini kuanzia Msumbiji hadi Kenya. Ni nadra kuonekana juu ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa kuwa uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko zaidi ya meta 1,100, ni kosa kudhani kuwa kila jongoo mkubwa anayeokotwa Kiriba, Bunda au Butiama ni wa aina hiyo. Mwingine ni Epibolus pulchripes wa pwani ya Kenya na Tanzania, mweusi mwenye miguu myekundu, mdogo kuliko huyo wa kwanza lakini mzazi hodari.

Je, hao wawili waweza kukaa pamoja? Kwa kuangalia juu juu, jibu ni ndiyo. Jongoo si tandu, hivyo hamwindi mwenzake. Wote wawili hula majani yaliyooza, mbao laini zilizooza na hata udongo wanaolalia, na wote huhitaji joto, unyevu na chokaa, ambayo hupatikana katika maganda ya mayai yaliyosagwa. Wafugaji wengi wamewaona wakipandana migongoni bila ugomvi na kuamini kuwa mambo ni shwari.

Hofu ya kwamba watazaa machotara pia haina msingi mkubwa. Usemi wa jongoo kutopanda mtungi haumhusu jongoo mwenyewe, kwani dume lake hupanda bila shida. Ukimgeuza dume, utaona kuwa kwenye pingili ya saba miguu ya kawaida haipo, na mahali pake pana viungo maalumu vya kupandishia. Umbo la viungo hivyo hutofautiana kati ya aina na aina, kiasi kwamba wataalamu huvitumia kuwatambua majongoo wanaofanana kabisa kwa macho.

Tatizo hutokea mahali asipopaona mfugaji. Ili akue, jongoo hulazimika kujivua gamba. Huchimba chini, hujijengea chumba kidogo cha udongo na kubaki humo kwa muda mrefu akiwa mweupe, laini na asiyeweza kujitetea. Jongoo mkubwa anayepita akila udongo hubomoa chumba hicho na kumjeruhi aliyemo. Mayai nayo hutagwa humo humo ardhini, na vitoto huanguliwa vikiwa na jozi tatu tu za miguu, huku pingili na miguu mingine ikiongezeka kila vinapojivua. Kadiri tangi linavyojaa, ndivyo udongo unavyofukuliwa mara nyingi zaidi.

Hapo ndipo tofauti ya mwendo wa kuzaliana huleta maafa. Jongoo wa miguu myekundu hukua upesi na huongezeka kwa wingi, ilhali yule mkubwa huchukua miaka kadhaa kabla ya kukomaa. Katika tangi moja, watoto wa wa kwanza humaliza majani na kuifukua kila pembe. Mfugaji huona tangi limejaa uhai na kufurahi, kumbe aina moja imeacha kuzaa na wazee wake wanakufa mmoja baada ya mwingine bila mrithi.

Aidha, zipo jamii ambazo hazifai kabisa kuchanganywa na wengine. Majongoo wengi wa mviringo wakisumbuliwa hutoa majimaji ya kahawia yanayochoma macho na kuacha madoa kwenye ngozi. Majongoo bapa, wenye mgongo uliotanuka pembeni, hutoa sianidi, sumu ambayo katika chombo kidogo kisichopitisha hewa vizuri huweza kuwaua wenzao.

Hasara ya aina hiyo haifidiki kirahisi. Mei 2016, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, hatua iliyowagusa hata wafugaji wa vipepeo wa Amani, mkoani Tanga. Juni 2022 lilitolewa tangazo la kuwapa wafanyabiashara miezi sita ya kuuza wanyama waliobaki mikononi mwao, lakini lilisitishwa mara moja. Kwa mfugaji wa ng'ambo, jongoo wa Kitanzania aliye naye huenda asipate wa kuziba pengo lake. Kwa hiyo wanaojali huweka watu wazima pamoja kwa maonyesho tu, na huwatenga wanaozaa katika tangi la aina moja, lenye udongo wa kina kisichopungua urefu wa jongoo mwenyewe, usiofukuliwa ovyo na mkono wa mwenye tangi.

Yeyote wa Kiriba atakayetaka kuwachunguza majongoo nyumbani kwake atakuwa na kazi moja ya ziada. Majani ya kuwalisha yasitoke karibu na mashamba ya pamba yaliyopuliziwa dawa, kwa kuwa dawa inayoua wadudu wa pamba haimbagui jongoo. Na kila aliyeokotwa aandikiwe mahali alipookotwa kabla ya kuwekwa na mwingine, kwa maana wakishachanganyika, weusi wawili wanaofanana hawatatambulika tena ila kwa kuvichunguza viungo vya madume kwa hadubini.