Guangzhou si ghala: Jabe na mji wa kale wa China

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

KILA ifikapo Oktoba, mvua za vuli zinapoanza Bujumbura, baadhi ya wenye maduka wa Jabe huwaachia ndugu zao funguo na kupanda ndege kwenda China. Wengi wao huelekea Guangzhou, mji wa bandari kusini mwa nchi hiyo. Wanafuata viatu, nguo, taa, vyombo vya nyumbani, vipuri na simu. Baada ya wiki mbili au tatu hurudi na risiti, sampuli chache kwenye begi, na wasiwasi wa mzigo ulio baharini.

Si wengi wanaorudi wakiwa wameuona mji wenyewe. Kwao Guangzhou ni ghala kubwa lenye hoteli pembeni. Lakini mji huo una umri wa zaidi ya miaka 2,200, na kwa sehemu kubwa ya umri huo umeishi kwa kupokea wafanyabiashara wa mbali. Historia hiyo inamgusa moja kwa moja mtu wa Jabe, anayebeba mtaji wake, na mara nyingi wa jamaa zake pia, kwenda kununua kwa watu asioijua lugha yao.

Kwa nini vuli

Kinachowavuta wengi ni Maonyesho ya Bidhaa za China, yanayojulikana duniani kwa jina la zamani la mji huo, Canton. Yalianza mwaka 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Yale ya vuli hugawanywa katika awamu tatu: Oktoba 15 hadi 19, Oktoba 23 hadi 27, na Oktoba 31 hadi Novemba 4. Awamu ya kwanza ni ya vifaa vya umeme, mashine, magari na vifaa vya ujenzi vya chuma. Ya pili ni ya vyombo vya nyumbani, zawadi, samani na vifaa vya kujengea. Ya tatu ni ya nguo, viatu, vitambaa, vitu vya watoto na vifaa vya ofisini. Muuza viatu anayefika Oktoba 15 atalipia hoteli wiki mbili kabla ya kuona kiatu kimoja kwenye maonyesho. Vuli ya mwaka 2024 walifika wanunuzi wa nje zaidi ya 250,000, na vyumba vya hoteli hupanda bei siku hizo.

Hali ya hewa nayo inasaidia. Guangzhou iko karibu sana na mstari wa Tropiki ya Kansa. Majira ya joto ni ya mvua, jasho na vimbunga, lakini Oktoba mvua hupungua na joto huwa la wastani, karibu sawa na la Bujumbura. Majani hayapukutiki kama kaskazini mwa China. Mtu wa Jabe hahitaji koti zito, isipokuwa anapanga kuendelea hadi Beijing.

Kalenda inayokula mtaji

Tarehe ya kwanza Oktoba ni sikukuu ya taifa la China, na mapumziko yake huchukua takriban wiki nzima. Viwanda hufungwa, ofisi za wasafirishaji hufungwa, na treni hujaa. Anayetua Guangzhou Oktoba 2 atakula dola zake bila kununua kitu, na kila mtu Bujumbura anajua dola zinavyopatikana kwa taabu.

Karibu na siku hizo huja pia Sikukuu ya Katikati ya Vuli, inayofuata mwezi mpevu wa mwezi wa nane wa kalenda ya Kichina. Familia hukaa pamoja kuutazama mwezi na kula keki zake. Mwenyeji akikupa keki hiyo ni heshima. Mwislamu aulize kwanza, kwa sababu baadhi hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Mwezi mmoja hivi baadaye huja Sikukuu ya Tisa Maradufu, ambapo wakazi hupanda Mlima Baiyun wenye urefu wa mita 382 na kuwakumbuka wazee wao.

Kalenda ya tatu ni ya bahari. Mzigo ulioagizwa mwishoni mwa Oktoba bado utahitaji siku za kutengenezwa, wiki kadhaa za meli hadi Dar es Salaam, kisha zaidi ya kilomita 1,500 za nchi kavu, au reli hadi Kigoma na meli ya Ziwa Tanganyika. Kwa hesabu hiyo, bidhaa za maonyesho ya vuli si za Krismasi ya mwaka huohuo. Na kama kiwanda hakikumaliza kazi kabla ya mwaka mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, wafanyakazi huenda makwao na mzigo husubiri hadi warudi.

Mtaa wa wageni

Katika sehemu ya kale ya mji, kwenye barabara ya Guangta, upo msikiti wa Huaisheng. Ni miongoni mwa misikiti mikongwe zaidi China. Mnara wake, wenye urefu wa mita 36 hivi, ni mweupe, laini na mviringo, na zamani ulizielekeza meli zilizokuwa zikiingia bandarini. Eneo linaloizunguka sehemu hiyo lilikuwa mtaa wa wageni. Waarabu na Waajemi waliita mji huu Khanfu. Habari za Kiarabu za mwaka 851 zinaeleza kuwa mtawala wa China alimteua Mwislamu mmoja kuamua kesi za Waislamu wenzake na kuwaongoza katika sala ya Idi.

Watu wa Jabe wanaijua hali hiyo. Bwiza na Buyenzi vilikua kama mitaa ya watu waliotoka kwingine: Wamanyema, watu wa Ujiji na Kigoma, Wakongo, na wengine walioletwa na biashara au kazi za serikali ya kikoloni. Kiswahili kilishika mizizi huko kwa sababu kila mmoja alihitaji lugha ya kununulia na kuuzia kwa jirani asiye wa kabila lake. Guangzhou ilikuwa na mtaa wa namna hiyo zaidi ya miaka 1,000 kabla.

Mtaa wa wageni una hatari zake. Mwaka 878 au 879 jeshi la waasi la Huang Chao liliuteka mji na kuwaua wafanyabiashara wa kigeni kwa maelfu. Biashara ilichukua muda mrefu kurudi. Nayo maandishi ya Kichina ya karne ya 12 yanataja watu weusi waliokuwa watumwa katika nyumba za matajiri wa Guangzhou. Wanazuoni bado wanabishana walitoka wapi hasa.

Karibu na bustani ya Lanpu upo msikiti mwingine, Xianxian, wenye kaburi ambalo mapokeo ya Waislamu wa China yanasema ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wengi hawakubali, kwa kuwa vyanzo vya Kiarabu vinasema alizikwa Madina. Hata hivyo Ijumaa uwanja hujaa watu wa mataifa mengi, na Mrundi anaweza kusikia Kiswahili safu ya pili kutoka kwake.

Pembe katika kaburi la mfalme

Mwaka 1983 wajenzi waliokuwa wakichimba kilima karibu na bustani ya Yuexiu walikuta kaburi la mfalme wa Nanyue, aliyefariki mwaka 122 kabla ya Kristo. Alizikwa akiwa amevikwa vazi la vipande vya jiwe la kijani, jedi, vilivyofungwa kwa nyuzi za hariri. Ndani mlikuwamo ubani, kisanduku cha fedha chenye mtindo wa Kiajemi, na meno matano ya tembo. Wataalamu waliyoyachunguza wamesema meno hayo ni ya tembo wa Afrika. Leo kaburi ni makumbusho.

Hakuna anayejua meno hayo yalipita mikono mingapi. Lakini yanaonyesha kuwa bidhaa za bara letu zilifika Guangzhou kabla ya Uislamu, kabla ya Wareno, na kabla ya neno Bujumbura kuandikwa popote. Msafiri wa leo asijaribu kufuata njia hiyo: China ilifunga biashara ya pembe za ndovu ndani ya nchi mwishoni mwa mwaka 2017, na anayekamatwa nazo hufungwa.

Kanisa la mawe na soko la jumla

Wakatoliki wa Bujumbura nao wana pa kusalia. Kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kati ya 1863 na 1888, ni la mawe matupu ya matale, na wenyeji huliita nyumba ya mawe. Liko barabara ya Yide, penye maduka ya jumla ya vitu vya kuchezea na vifaa vya ofisini. Ibada ikiisha, hatua chache tu mtu yuko sokoni.

Katika bustani ya Yuexiu ipo sanamu ya mbuzi watano ya mwaka 1959. Hadithi ya kale inasema watakatifu watano walishuka wakiwa wamepanda mbuzi, wakawapa watu masuke ya mpunga ili wasione njaa tena. Ndiyo maana Guangzhou huitwa Mji wa Mbuzi. Juu ya kilima hichohicho upo mnara wa Zhenhai wa mwaka 1380, wenye ghorofa tano, ambao sasa ni makumbusho ya mji.

Xiaobei baada ya 2020

Waafrika wengi hufikia Xiaobei, mtaa wenye hoteli za bei ya kati, ofisi za mizigo na migahawa ya halali inayouza tambi za kuvutwa kwa mkono. Hapo mtu wa Jabe hukutana na mwenzake wa Uvira, Kigoma, Kampala au Mombasa, na lugha ya mkutano ni Kiswahili.

Mtaa huo si kama ulivyokuwa. Aprili 2020, wakati wa hofu ya korona, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli zao mjini humo, wengine wakalala barabarani. Mabalozi wa Afrika waliandika kuilalamikia serikali ya China. Maonyesho nayo yalihamia mtandaoni hadi yaliporudi kamili masika ya 2023. Wengi walioondoka hawakurudi kuishi.

Sheria ya kuzingatia ni hii: ndani ya saa 24 tangu kufika, mgeni lazima aandikishwe polisi. Hoteli hukufanyia hilo. Ukilala kwa rafiki, nenda mwenyewe na pasipoti yako. Kumbuka pia kuwa WhatsApp haifanyi kazi kwenye mitandao ya China, na kwamba saa za huko zimetangulia za Bujumbura kwa saa sita. Anayengoja kutumiwa fedha kutoka nyumbani apange hilo mapema.

Nyumba ya ukoo wa Chen

Iwapo msafiri ana nusu siku tu, aende kwenye nyumba ya ukoo wa Chen, iliyokamilika mwaka 1894. Paa zake zimejaa sanamu za udongo na milango yake imechongwa kwa ustadi. Lakini cha kujifunza ni namna ilivyojengwa. Watu wa jina la Chen kutoka wilaya 72 za jimbo la Guangdong, wengi wasiofahamiana, walichangishana fedha ili vijana wao wanaokuja mjini kufanya mitihani ya serikali wapate pa kufikia.

Sisi tunaokwenda mji huohuo tunakwenda kila mtu kivyake. Mfanyabiashara mdogo asiyeweza kujaza kontena hulipia nafasi kwa mita za ujazo katika kontena la wakala asiyemjua, pamoja na mizigo asiyoijua. Mzigo wa mmoja ukikamatwa, wa wote unasubiri. Majirani sita wa Jabe wakipatana kujaza kontena moja la futi 20, lenye nafasi ya mita za ujazo 33 hivi, watajua kilichomo, watalipa wakala mmoja, na watakuwa na sauti moja mbele ya kiwanda.

Ushuru nao ni hesabu ya pamoja. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na chini ya Himaya Moja ya Forodha ushuru hulipwa Burundi mzigo ukiwa bado bandarini Dar es Salaam. Bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa asilimia 25. Tangu Julai 2022 lipo kundi la asilimia 35 kwa bidhaa zinazotengenezwa pia katika kanda, zikiwemo samani, nguo na bidhaa za ngozi, isipokuwa pale nchi ilipopewa ruhusa maalumu. Anayevutiwa na kochi la bei rahisi Guangzhou apige hesabu hiyo kabla ya kulipa arubuni. Pengine atagundua kuwa kochi la kumletea faida linatengenezwa na seremala wa Tanzania au Uganda, au wa mtaa wa pili hapahapa Bujumbura.

Wageni walioweza kudumu Guangzhou kwa karne nyingi walikuwa na imamu wao, hakimu wao na mahali pao pa kukutania. Jabe ina misikiti, makanisa, vikundi vya akiba na Kiswahili kinachoeleweka kutoka Bukavu hadi Lamu. Oktoba ijayo kabla ya kukata tiketi, wanaokusudia kusafiri wakae kikao kimoja: nani anafuata awamu ipi, kontena ni la nani na nani, na nani atabaki siku mbili zaidi kuuona mji, ili awasimulie wengine.