Lakiri, Namba na Mwenye Ufunguo: Rekodi za Dunia ya Makontena

Kwa ukubwa, mjadala ni mfupi. Mwaka 2024 bandari ya Shanghai ilipitisha zaidi ya makontena milioni 50, kwa hesabu ya kontena la futi 20, na hakuna bandari nyingine iliyokuwa imewahi kufika huko. Mombasa nayo mwaka huohuo ilivuka milioni 2 kwa mara ya kwanza, watu wakashangilia, na walikuwa na haki. Ila kazi hiyo ya mwaka mzima Shanghai huimaliza kwa wiki mbili hivi. Upande wa meli, MSC Irina iliyoingia kazini 2023 ina nafasi ya makontena 24,346. Ideal X, meli ya Malcom McLean iliyoanzisha mambo haya yote Aprili 1956 kwa safari ya Newark hadi Houston, ilibeba 58.

Hizo ni rekodi za kubandikwa ukutani. Mimi huvutiwa na za upande wa pili: nani alipitisha nini, na ni nani aliyekuwa na ufunguo.

Maana kontena ni sanduku ambalo karibu kila anayelishika hajui kilichomo. Karani wa getini, dereva na ofisa wa forodha wote hutegemea vitu viwili. Cha kwanza ni namba: herufi 4 na tarakimu 7. Tarakimu ya mwisho haikuchaguliwa na mtu. Hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia. Karani wa zamu ya usiku akikosea tarakimu moja, hesabu hugoma na kompyuta humrudishia namba yake. Sidhani kama bandarini kuna ulinzi wa bei nafuu kuliko huo. Cha pili ni lakiri, ule msumari mnene wa chuma wenye namba unaofungwa kwenye komeo la mlango. Mwizi mwenye mkasi wa chuma hazuiliki kwa lakiri. Kazi ya lakiri ni kumsema: ikikutwa imekatwa, au namba yake hailingani na iliyo kwenye nyaraka, basi kuna mtu aliingia.

Sasa tazama jinsi magendo makubwa yanavyofanyika. Juni 2019, huko Philadelphia, maofisa wa Marekani waliipekua meli ya MSC Gayane wakakuta karibu tani 18 za kokeini ndani ya makontena 7, thamani yake zaidi ya dola bilioni 1. Forodha ya nchi ile, yenye historia ya zaidi ya miaka 200, haikuwa imewahi kukamata kokeini nyingi kiasi hicho kwa mpigo. Dawa hizo hazikupakiwa gatini. Boti za kasi ziliifuata meli ikiwa baharini, mabaharia wakayapandisha marobota kwa kreni ya meli yenyewe, wakayachomeka katikati ya bidhaa halali za watu. Mabaharia 8 walikiri makosa mahakamani. Skana ya bandari zilikopakiwa bidhaa hizo, hata ingekuwa ya kisasa namna gani, isingeona kokeini hiyo, kwa sababu wakati ule haikuwemo.

Bandari ya Antwerp nchini Ubelgiji inashikilia rekodi mbili. Ya kwanza, kwa maoni yangu, ni ya ujanja. Kati ya 2011 na 2013 genge la dawa za kulevya liliajiri wadukuzi, wakaingia kwenye mifumo ya kampuni za bandarini na kuiba namba za siri za kuchukulia makontena. Walipofungiwa njia ya mtandao, wakavunja ofisi na kuficha vifaa vya kunasa maandishi ndani ya ekstensheni za umeme. Dereva wao alifika getini akiwa na namba sahihi, akapakia, akaondoka kabla mwenye mali hajatokea. Hakukimbizwa na mtu. Kwenye mfumo alikuwa mteja halali.

Ya pili ni ya uzito: tani 116 za kokeini zilizonaswa mwaka 2023. Mwaka uliofuata zikashuka hadi 44. Hapo ndipo rekodi za aina hii zinaponitia wasiwasi. Je, ulinzi ulikaza, au wenye mzigo walihama njia? Oktoba 2024 Hispania ilivunja rekodi yake kwa tani 13 zilizokutwa Algeciras, ndani ya ndizi za Ecuador. Mizani ya forodha hupima kilichokamatwa tu, kwa hiyo bandari yenye takwimu ndogo yaweza kuwa safi, na yaweza pia kuwa imelala.

Kwa Afrika, rekodi chungu ni za pembe za ndovu. Machi 2019, katika bandari ya Da Nang nchini Vietnam, zilikamatwa zaidi ya tani 9 ndani ya kontena la mbao kutoka Afrika. Julai mwaka huohuo Singapore ikanasa tani 8.8 pamoja na tani 11.9 za magamba ya kakakuona, shehena iliyotoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ikiwa imeandikwa mbao. Wenye magendo walichagua vizuri. Mbao ni nzito, mizani hailalamiki. Singapore ilikadiria karibu tembo 300 kwa shehena hiyo moja.

Sheria yenye makuu kuliko zote bila shaka ni ile ya Marekani ya 2007, iliyotaka kila kontena linaloelekea huko lipigwe skana ng'ambo kabla ya kupakiwa, ifikapo 2012. Tarehe ikafika, ikasogezwa, ikasogezwa tena. Gharama na msongamano havikuruhusu.

Afrika Mashariki ilichagua kulifuata lori. Zamani malori ya mizigo ya nchi jirani yalikwenda kwa misafara, yakisindikizwa. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikitumia mfumo mmoja wa lakiri za kielektroniki: ikifunguliwa njiani, au dereva akiacha barabara aliyopangiwa, taarifa huwafikia walinzi wa forodha papo hapo. Lengo ni kuzuia mzigo wa Kampala au Kigali usishushwe na kuuzwa njiani bila ushuru. Ni mfumo mzuri, lakini hauna la kufanya mzigo unapotolewa na mwenye mamlaka ya kuutoa. Novemba 2015, siku chache baada ya kuapishwa, Waziri Mkuu wa Tanzania Kassim Majaliwa alifika bandari ya Dar es Salaam bila kutarajiwa, mkononi ana hesabu ya makontena 349 yaliyotoka bila kulipiwa kodi ya shilingi bilioni 80. Makontena 349 hayapiti kwenye tundu la uzio.

Baharini mwizi ni mawimbi. Mwaka 2013 MOL Comfort ilikatika vipande viwili katika Bahari ya Hindi, na makontena yake 4,293 yakapotea. Lakini mzigo uliofuatiliwa kwa hamu kuliko wote ni vitu 28,800 vya watoto kuchezea wakioga, bata wa njano wakiwemo, vilivyodondoka Pasifiki mwaka 1992. Mtaalamu wa bahari Curtis Ebbesmeyer alitumia miaka mingi kupokea taarifa za vilikookotwa, na mikondo ya bahari ikaeleweka vizuri zaidi.

Hasara ya kompyuta ambayo kila mtu wa bandari huitaja ni ya kampuni ya meli ya Maersk. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya, kilichoanzia Ukraine, kiliingia katika kampuni hiyo na kufuta karibu kila kitu. Malori yalipanga foleni kwenye mageti, na hakuna aliyejua kontena lipi ni la nani. Hata kumbukumbu za seva zinazotambua watumiaji wa mtandao wote zilikuwa zimefutika dunia nzima, isipokuwa nakala moja nchini Ghana. Huko umeme ulikuwa umekatika, kompyuta ikawa imezimika kabla kirusi hakijafika. Intaneti ya Ghana ilikuwa ya polepole mno kutuma data zote hizo Uingereza, mifumo ilikokuwa ikijengwa upya, na wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza. Mmoja wao akapanda ndege na diski hadi Nigeria, akaikabidhi kwa mwenzake uwanjani, naye akaruka nayo London. Ndani ya siku 10 Maersk ikawa imesimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara ikakadiriwa kufikia dola milioni 300.