Kuja na kuja: maneno ya umbo moja yasiyo na undugu

Sentensi "Mgonjwa alikuja Bariadi" haina kosa lolote la kisarufi. Karani aliyeko Bariadi akiisoma katika barua iliyoandikwa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, ataelewa kwamba mgonjwa amefika huko aliko yeye karani. Lakini ikiwa mwandishi aliifikiri kwanza kwa Kisukuma, yamkini alikusudia tu kwamba mgonjwa aliondoka kwenda Bariadi. Kama alifika au alikwama njiani, barua haikusema. Katika Kisukuma, kuja ni kwenda. Kitenzi kinachobeba maana ya kuja ya Kiswahili ni kwiza.

Lugha za Ulaya zina mifano mingi ya namna hii. Neno pain kwa Kifaransa ni mkate, nalo limetokana na panis ya Kilatini. Kwa Kiingereza pain ni maumivu, na asili yake ni poena, yaani adhabu. Burro kwa Kiitaliano ni siagi, kwa Kihispania ni punda. Hata Kiswahili kinaweza kuingizwa katika mchezo huo: sana, kielezi chetu cha kila siku, kwa Kifini ni "neno", kwa Kiitaliano ni sifa ya kitu cha jinsi ya kike chenye afya, na kwa Kiarabu ni "mwaka". Mifano hii huchekesha darasani, ila haimdhuru mfasiri. Hakuna anayefungua maandishi ya Kifini akitarajia kuyaelewa kwa nguvu ya Kiswahili chake.

Kati ya Kiswahili na Kisukuma matarajio hayo yapo, tena yana msingi. Zote mbili ni lugha za Kibantu, na maneno mengi ya moja hutambulika katika nyingine. Njaa kwa Kisukuma ni nzala. Njia ni nzila. Kiswahili kina nj mahali ambapo Kisukuma kina nz, na l iliyodondoka katika Kiswahili imebaki katika Kisukuma. Ulinganifu wa aina hii, unaojirudia neno baada ya neno, ndio ushahidi wa undugu wa lugha. Kwa kipimo hichohicho, kuja ya Kiswahili hailingani na kuja ya Kisukuma bali na kwiza: j kwa z. Vitenzi hivyo viwili vina mzizi mmoja wa kale. Kuja ya Kisukuma ina mzizi mwingine, ule unaoonekana pia katika Kirundi, ambako kuja ni kwenda na kuza ni kuja, na katika Kizulu, ambako -ya ni enda na -za ni ja. Hapa basi neno linalofanana ndilo geni, na lisilofanana ndilo ndugu. (Mwenye kutaka kanuni nyepesi ya majirani asiharakishe: Waganda husema kujja, nao humaanisha kuja kama Waswahili.)

Ni haki kuongeza kwamba umbo hilo moja ni moja zaidi kwenye karatasi kuliko mdomoni. Kisukuma kina irabu saba, Kiswahili kina tano. U ya kiambishi katika kuja ya Kisukuma huelekea o. Zaidi ya hayo, Kisukuma ni lugha ya toni, jambo lililochambuliwa na wanaisimu kadhaa, akiwamo Herman Batibo katika utafiti wake wa fonolojia na mofolojia ya Kisukuma uliochapishwa mwaka 1985. Maandishi ya kawaida huacha toni na mara nyingi huzichanganya irabu. Msikilizaji ana vidokezo ambavyo msomaji hana.

Si kila jozi ina uzito sawa. Nene kwa Kisukuma ni "mimi". Anayebisha hodi na kujibu "Nene" hatadhaniwa kuwa anatangaza unene wake. Jina sukuma lenyewe humaanisha kaskazini, kinyume cha dakama, kusini. Wasukuma ni watu wa kaskazini kwa mtazamo wa jirani zao Wanyamwezi. Masimulizi yanayolifasiri jina hilo kwa kitendo cha kusukuma yamejengwa juu ya Kiswahili, na hayafai kuingia katika kamusi kama etimolojia. Jozi hizi hazipotoshi sana kwa sababu aina za maneno hutofautiana, na muktadha hukataa maana isiyofaa. Kuja ni hatari kwa sababu pande zote mbili ni kitenzi, pande zote mbili ni mwendo, na sentensi hubaki na mantiki hata mwelekeo ukigeuka.

Kisangani, wanakokutana wasemaji wa Kiswahili na wa Kilingala, lipo neno gumu zaidi. Moto kwa Kilingala ni mtu. Lakini Kilingala kina pia neno la moto wa kuwaka, lenye o zilizo wazi zaidi na toni tofauti, na katika maandishi ya kawaida nalo huandikwa moto. Mfasiri anayeelekea Kiswahili hawezi kulikubali wala kulikataa moja kwa moja: mara neno hilo ni ndugu wa moto wetu, mara ni mgeni.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu huzitenga homonimu kwa tarakimu, hivyo kaa wa baharini hachanganywi na kaa la moto. Utaratibu huo huishia ndani ya lugha moja. Mtunzi wa kamusi ya Kisukuma na Kiswahili analazimika kubuni alama yake: chini ya kidahizo kuja aandike "kwenda", aweke tahadhari kwamba si kuja ya Kiswahili, kisha ampeleke msomaji kwenye kwiza. Naye mwalimu wa Itilima anayesahihisha insha yenye "Baba alikuja mnadani" hana sababu ya kuchora mstari mwekundu, kwa kuwa sentensi ni sahihi. Njia aliyonayo ni kumuuliza mtoto: baba alikuwa wapi, na wewe ulikuwa wapi?