Vestal: Karakana Iliyoelea Baharini

Zinapotajwa manowari, fikra zetu hukimbilia mizinga. Ni nadra mtu kujiuliza: manowari ikitobolewa na bomu maelfu ya maili kutoka kwao, hupelekwa kwa fundi gani? Mara nyingi fundi ndiye huifuata. Majeshi ya majini huwa na meli za matengenezo, ambazo ndani yake mna tanuri za kusubu chuma, mashine za kukereza, wachomeleaji, maseremala na wapiga mbizi. Mojawapo ilikuwa Vestal ya Marekani.

Meli hiyo haikuzaliwa fundi. Iliteremshwa majini New York mwaka 1908 ili ibebe makaa ya mawe, chakula cha manowari za siku zile. Mwaka 1913 iligeuzwa karakana katika kiwanda cha jeshi la majini, Boston, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilihudumia manowari huko Queenstown, Ireland.

Tarehe 6 Desemba 1941, ikiwa mkongwe tayari, ilifungwa ubavuni mwa manowari kubwa Arizona katika bandari ya Pearl Harbor, Hawaii, kwa matengenezo ya kawaida. Kesho yake, siku ya Jumapili, ndege za Japani zilishambulia asubuhi. Mabomu mawili yaliipiga Vestal. Punde ghala ya baruti ya Arizona ikalipuka. Katika manowari hiyo walikufa watu 1,177. Kishindo kiliwafagia baharini mabaharia wa Vestal, akiwemo nahodha wao, Cassin Young. Huku nyuma, amri ya kuihama meli ikatolewa. Young akaogelea, akapanda tena melini, akaitangua amri hiyo. Kamba zikatwe, meli iondoke motoni!

Hapo ndipo baharia Joe George alipowaona wenzake sita wa Arizona, wameungua, wamezingirwa na moto juu ya mnara. Aliwarushia kamba. Kwa ushuhuda wa walionusurika, ofisa mmoja alimwamuru aikate, hakuikata. Wote sita walivuka kwa mikono iliyobabuka, chini yao mafuta yakiwaka juu ya maji.

Young alipewa nishani ya juu kabisa ya taifa lake mwaka 1942. George alifariki mwaka 1996 bila nishani ya tendo lile. Wawili kati ya wale sita, Donald Stratton na Lauren Bruner, walimpigania kwa miaka mingi, hata akatunukiwa Desemba 2017, naye kaburini. Kwa maoni yangu jeshi hupata kigugumizi linapotakiwa kumsifu aliyekaidi amri.

Vestal ilipandishwa kwenye kina kifupi isizame. Viwanda vya bandari vilikuwa vimefurika meli mahututi, basi mafundi wake wakaanza kujitibu wenyewe: wakavuta maji na mafuta, wakaondoa vilivyoharibika. Agosti 1942 ilitumwa Tonga, na katika siku 60 ikakamilisha kazi 963 kwa meli zipatazo 58. Kutoka huko ikaenda Nouméa. Hapo ilikuja Enterprise, manowari ya kubeba ndege, imepigwa mabomu. Vita havikusubiri. Ilipong'oa nanga tarehe 11 Novemba kurudi mapambanoni, mafundi wa Vestal walikuwa bado wamo ndani, wakichomelea njiani.

Siku mbili baadaye Young, aliyekwisha hamishiwa manowari San Francisco, aliuawa karibu na Guadalcanal. Karakana yake ya zamani iliendelea kuzifuata manowari kisiwa hadi kisiwa, ikafika Okinawa mwaka 1945.

Mwaka 1950 Vestal iliuzwa kama chuma chakavu. Lakini manowari iliyopewa jina la Cassin Young imehifadhiwa kama makumbusho huko Boston, katika kiwanda kile kile ambamo meli ya makaa iligeuzwa fundi.