Mkopo wa Msanifu Majengo Aliyekatiza Masomo

Nchini Uingereza, mwanafunzi wa usanifu majengo kwa kawaida husoma miaka 3 ya Sehemu ya Kwanza, akafanya kazi ofisini kwa muda, kisha akarejea chuoni kwa miaka 2 ya Sehemu ya Pili. Shahada ya sehemu hii huitwa ya uzamili. Ajabu ni kwamba, katika ugavi wa mikopo ya serikali, huhesabiwa kuwa mwendelezo wa shahada ya kwanza. Hivyo karo na fedha za kujikimu hukopeshwa kila mwaka. Sharti ni pengo lisizidi miaka 3. Atakayelizidisha, hata kama alikuwa akichora majengo muda wote huo, hubakiwa na mkopo wa uzamili ulioanzishwa mwaka 2016: fungu moja la kozi nzima, ambalo mara nyingi halitoshi hata karo.