Nasaba ya Bibi Harusi na Deni la Mifugo

Wazee wetu wamesema, mwacha asili ni mtumwa. Ndiyo maana kila nyumba huku pwani huihifadhi nasaba yake, fulani bin fulani, mpaka ulimi uchoke. Wala upande wa wanawake hatuusahau. Habari za Pate zatusimulia kuwa Suleiman Mnabhani, aliyetoka Omani, alimwoa binti wa mfalme wa Kibatawi, na kwa ndoa hiyo ufalme ukaingia nyumba ya Nabhani. Hata Uskoti yalikuwa hayo hayo. Marjorie, binti wa Mfalme Robert Bruce, aliolewa na Walter Stewart mwaka 1315. Mwana wao akatawazwa mwaka 1371, na ukoo wa Stewart ukashika ufalme.

Fikira hizo nalikuwa nazo nilipofika Lodwar, mji wa mto Turkwel. Nikaketi chini ya mgunga pamoja na mzee mmoja wa Kiturkana, nikamwuliza: "Mzee wangu, mwanamke kwenu akiolewa huwa wa nani?"

"Huwa wa ukoo wa mume," akajibu, "lakini mpaka harusi itimie."

Waturkana, ndugu msomaji, wana koo nyingi, na kila ukoo una chapa yake ya kutilia mifugo. Mtu haoi ndani ya ukoo wake. Tena wanaume wamegawika makundi mawili, Mawe na Chui: baba akiwa Jiwe, wanawe huwa Chui, na wajukuu hurudi kuwa Mawe. Kwetu binti hubaki binti wa baba yake hata kaburini. Kwao, siku ng'ombe dume wa harusi anapochinjwa, bibi harusi huuacha ukoo wa baba akaingia wa mumewe.

Taabu iko hapo. Siku hiyo haiji mpaka mume atoe mifugo, ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo, ambayo huikusanya kwa jamaa na rafiki zake. Kabla ya hapo, watoto watakaozaliwa huhesabiwa wa baba wa mwanamke. Na tangu mwisho wa 2020 hata 2022, misimu mitano ya mvua ilipita kavu mfululizo, mifugo ikafa.

"Binti yangu yuko Kakuma," akasema mzee. "Ana watoto watatu na mwanamume wake. Nawapenda, lakini wanaitwa wangu, na mimi nataka wawe na baba."

Nikafunga safari mpaka Kakuma, mji uliopokea wakimbizi tangu 1992, ambako wengi walifika bila kitu ila majina ya babu zao. Yule mkwe nilimkuta sokoni akipakua magunia. Akaniambia kila akipata fedha hununua mbuzi mmoja.

Nikamweleza kuwa kwetu Waislamu mahari yaweza kubaki dhima, na nikaha ikasihi, na watoto wakawa wa baba yao.

Akajifuta jasho, akacheka kidogo. "Basi kwenu deni liko juu ya mwanamume. Kwetu liko juu ya watoto."

Sikuwa na jawabu. Dawa ya deni ni kulipa, nasi twajua. Lakini mlipaji huyu angoja mawingu. Mola amteremshie mvua, mbuzi wake wazae, na wanawe watatu waitwe kwa jina lake.