Magugu ya Kariakoo na kalenda yake

Mkulima wa Kisarawe akitaka kujua msimu anatazama mawingu. Gugu la Kariakoo halina haja hiyo. Lenyewe linafuata sururu, bomba lililopasuka na ndoo ya maji ya mama ntilie.

Si kwamba mvua haipo. Dar es Salaam hupata wastani wa kama milimita 1,100 kwa mwaka, sehemu kubwa ikishuka wakati wa masika, Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo baba lao. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huja kwa kusuasua, na mwaka mwingine hupitiliza kabisa. Lakini ukitoka Mtaa wa Msimbazi hadi Mnazi Mmoja, maji hayo hayana pa kuingilia ardhini. Yanagonga bati, lami na zege, yanakimbilia mtaroni, na jua likitoka kidogo tu vumbi limerudi.

Tazama mchicha pori, hasa ule wenye miiba midogo pale jani linapoungana na shina. Mche mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 100,000, nyeusi, zinazong'aa, ndogo sana. Zikifukiwa hulala miaka. Kinachoziamsha, pamoja na unyevu na joto, ni mwanga. Mafundi wanapochimba mtaro wa bomba au kebo, udongo wa chini unaletwa juu, mbegu inaonja jua na kuchipua. Ndiyo maana wiki mbili baadaye utaona mstari wa kijani umenyooka juu ya fukio, pembeni pakiwa pakavu kabisa. Haipiti miezi miwili mche ushachanua na kumwaga mbegu zake, kabla lami mpya haijafika. Na lami, kama tujuavyo, haina haraka.

Mchunga una mbinu tofauti. Ua lake ni la njano, jani lake jembamba, na ukilikata linatoa utomvu mweupe. Mbegu zake hupeperushwa na upepo, lakini uhai wake hasa uko chini, kwenye mizizi inayotambaa. Kiangazi kikikaza majani hunyauka, juu ukadhani umekufa. Maji yakirudi unachipua sehemu tatu. Anayeukwatua kwa jembe anausaidia kuzaana, maana kila kipande cha mzizi ni mche mpya. Viwanja vya Mnazi Mmoja vinaufaa. Uwazi ule Waingereza waliuacha katika miaka ya 1920 ili kutenga makazi ya Waafrika na Uhindini, sababu isiyo na sifa yoyote, ila leo ni kati ya sehemu chache za katikati ya jiji ambako udongo bado unapumua.

Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, lami huchoma hata kupitia kandambili. Mimea mingi hapo hudorora, kwa sababu kimeng'enya kinachokamata hewa ya ukaa ndani ya jani huanza kukosea na kukamata oksijeni. Mchicha, mgagani, ukoka na mbigili ina njia ya ziada. Hewa ya ukaa hukusanywa kwanza, kisha husukumwa kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, na humo hujazana hata kosa likawa adimu. Jani linaendelea na kazi kwenye joto kali, tena kwa maji kidogo, kwa vile vitundu vyake havilazimiki kufunguka sana. Mbigili ndio unaonifurahisha zaidi, ingawa wasukuma mikokoteni hawatakubaliana nami: tunda lake hupasuka vipande vitano vyenye miiba kama pembe za mbuzi, na kipande kikianguka kwa ubavu wowote, mwiba mmoja unaelekea juu.

Kipupwe cha Juni hadi Agosti hakina mengi. Kishona nguo hukauka na kugawa mbegu zake kwenye suruali za wapita njia, basi.

Mlandege hauna msimu kabisa. Ndege na popo hula tini zake na kuacha mbegu ghorofani, kwenye nyufa za nyumba kongwe zilizojengwa kwa chokaa, ambayo huhifadhi unyevu kuliko saruji. Mzizi hupenya, hunenepa, ukuta unaachia. Ukiuona ungali na urefu wa kidole, ng'oa leo.

Sasa suala la kula. Mchicha, mgagani na mchunga vinauzwa mafungu sokoni, na mimea hiyo hiyo huota bure kwenye mitaro na bondeni Jangwani. Mto Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu, hufika hapo umebeba taka za viwanda, karakana na vyoo. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, mchicha ukiwemo, uliokuta metali nzito, pamoja na risasi, kupita kiwango kinachokubalika. Kuosha kunatoa vumbi la juu tu, na risasi iliyokwisha kuingia ndani ya jani huwezi kuitegemea sufuria iimalize. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe bei. “Shikamoo mama, mchunga huu umechumwa wapi?”

Asiyeridhika na jibu aoteshe mwenyewe. Ndoo ya plastiki ya lita 20, isiwe iliyobeba rangi, itobolewe chini, udongo safi, kipande cha mzizi chenye urefu wa kidole kilazwe bila kufukiwa sana. Majani yakitoka, chuma, chemsha, mwaga maji ya kwanza yenye uchungu, kisha weka tui. Ndoo ikae juu ya sakafu ya saruji, maana mizizi ikipata upenyo wa kuingia uani, mwenye nyumba hatakusamehe.